Shahada ya elimu-jamii: Je, ni ya maneno matupu?

Majibu ya mtihani yanapotoka, watu wa mitaa yetu huwa na maswali machache tu ya kumwuliza kijana aliyefaulu. Udaktari? Uhandisi? Sheria? Uhasibu? Akijibu kwamba ameitwa kwenda kusoma sosholojia, au anthropolojia, au elimu ya siasa, nyuso hubadilika. Mmoja atauliza, "Na hiyo huwa kazi gani?" Mwengine, kwa huruma, atasema bora hivyo kuliko kukaa bure nyumbani. Na mzee aliyekaa pembeni akivuta tasbihi yake atalikata shauri kwa kusema kwamba hiyo ni elimu ya maneno matupu, na maneno hata hapa barazani yapo, tena hayalipiwi karo.

Hatusemi kwamba mzee huyo hana haki ya kuuliza. Mzazi wa Kisauni au Matondoni anayeuza mali yake ili mtoto asome ana haki ya kujua anachokinunua. Lakini jawabu lake limekuja kabla ya swali, na kwa sababu hiyo vijana wetu wengi huingia katika masomo haya bila ya kutayarishwa, au huzuiwa mlangoni kwa jambo ambalo lingeweza kurekebishwa wakiwa bado skuli ya sekondari.

Labda sehemu ya tatizo imo katika lugha. Kwa wazee wetu wa Mvita, Lamu na Malindi, chuo ni mahali pa kusomea Kurani, na mwanachuoni ni mtu aliyebobea katika fikihi, hadithi na nahau. Shahada nayo ni ile tuitamkayo kila siku katika sala. Wasomi wa leo waliyachukua maneno hayo mawili wakayavisha maana mpya, chuo kikuu na shahada ya kwanza, lakini heshima iliyokuwa ndani yake haikugawanywa sawasawa. Udaktari ulipata fungu lake na sheria ikapata lake. Elimu-jamii iliachwa nje ikibisha hodi.

ELIMU YENYEWE NI IPI?

Chini ya jina hilo moja mna masomo kadhaa. Mna sosholojia, inayochunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja katika ndoa, kazi, mitaa na tabaka zao. Mna anthropolojia, inayochunguza mila na desturi kwa kukaa na watu wenyewe muda mrefu. Mna siasa na utawala, uchumi, saikolojia, na sehemu ya jiografia inayohusu makao ya wanadamu. Historia huwekwa huku katika vyuo vingine na kule katika vingine, nasi hatutaingia katika ugomvi huo.

Wako wanaoamini kwamba haya yote yaliletwa na Wazungu. Msomaji wetu anafaa kukumbushwa juu ya Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332. Mwaka 1377, akiwa amejitenga na fitina za watawala katika ngome moja ya nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika kitabu chake kiitwacho Muqaddima, na ndani yake akatangaza elimu mpya aliyoiita elimu ya umran, yaani elimu ya maisha ya wanadamu wanapokusanyika na kujenga miji na dola.

Mapema katika kitabu hicho anachukua habari iliyokuwa ikinukuliwa na wanahistoria waliomtangulia, ya kwamba jeshi la Nabii Musa, alayhi ssalaam, lilihesabiwa likapatikana kuwa na watu laki sita au zaidi. Ibn Khaldun hakuikataa habari hiyo kwa chuki wala kwa ubishi. Aliuliza maswali. Jeshi la ukubwa huo lingepangwa vipi vitani, ilhali ncha moja haiwezi kujua linalotendeka katika ncha nyingine? Wafalme wa Uajemi, waliokuwa na dola kubwa zaidi, mbona majeshi yao hayakufikia hesabu hiyo? Na baina ya Nabii Yaakub na Nabii Musa vilipita vizazi vichache tu. Ukoo mmoja ungezaana kiasi hicho kwa muda gani?

Tazama alivyofanya. Hakutosheka na kujua nani kasimulia. Aliipima habari kwa mizani ya jinsi watu wanavyozaliana, wanavyokula na wanavyoongozwa. Mwanafunzi wa sosholojia wa leo akifundishwa takwimu na mbinu za utafiti, anafundishwa kazi hiyo hiyo, ila kwa vyombo vingine.

MLANGO ULIOMFUNGIA MAZRUI

Mtu mashuhuri kuliko wote aliyetoka pwani yetu katika fani hii ni marehemu Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na ilitazamiwa kwamba mwana naye angekwenda Al-Azhar kuifuata njia ya babake. Mzee alifariki mwaka 1947. Mwaka 1949 kijana alifanya mtihani wa Cambridge School Certificate, na matokeo yake hayakuwa mazuri. Chuo cha Makerere, kilichokuwa ndicho mlango wa pekee wa elimu ya juu katika Afrika ya Mashariki, hakikumkubali.

Alipata kazi katika chuo cha hapa hapa nyumbani, Mombasa Institute of Muslim Education, ambacho watu wa umri mkubwa bado hukiita MIOME. Chuo hicho kilijengwa kwa fedha za Sultani wa Zanzibar, za Aga Khan, za jamii ya Mabohora na za serikali ya kikoloni, kwa nia ya kuwapa vijana wa Kiislamu ufundi. Mazrui mwenyewe alipenda kusimulia kwamba hotuba aliyoitoa katika sherehe ya Maulidi, mbele ya Gavana Sir Philip Mitchell, ndiyo iliyomfungulia njia ya kupelekwa Uingereza. Huko alikwenda kwanza Huddersfield kukamilisha masomo ya skuli yaliyompungukia. Baadaye akapata shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia mjini New York mwaka 1961, na ya udaktari Oxford mwaka 1966.

Na sasa ndipo pana mafunzo. Mwaka 1963 alirudi Makerere, chuo kile kile kilichomkataa, safari hii akiwa mwalimu wa siasa. Hakukaa miaka mingi akawa profesa, mkuu wa idara na mkuu wa Kitivo cha Elimu-Jamii. Alipofariki Oktoba 2014 katika Marekani, maiti yake ililetwa Mombasa akazikwa katika makaburi ya Wamazrui karibu na Ngome ya Yesu.

Hadithi hii hutolewa mara nyingi ili kuwatia moyo vijana walioanguka mtihani. Mimi naiona kwa upande wa pili. Kwa kila Mazrui mmoja aliyepata gavana wa kumsikiliza, walikuwako vijana wangapi wenye akili kama zake waliobaki kuwa makarani wa bandari kwa sababu ya karatasi moja ya mtihani? Alichokwenda kukifanya Huddersfield, yaani kujaza mapengo ya masharti, ndicho ambacho leo kijana anaweza kukifanya akiwa bado skuli ya sekondari, maadamu ana mtu wa kumwambia.

MASHARTI YA LEO

Basi tuyatazame masharti yenyewe. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipotoa wanafunzi wake wa kwanza wa chuo kikuu mwaka 1990, shahada ya kwanza ya elimu-jamii katika vyuo vyetu huchukua miaka minne. Zamani, katika mfumo wa vidato sita, ilikuwa miaka mitatu. Sharti la chini la kuingia ni wastani wa C+ katika mtihani wa KCSE. Tangu mwaka 2023 wastani huo huhesabiwa kwa masomo saba: hisabati, lugha moja, na mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Jumla kamili ni pointi 84, na C+ huanzia pointi 46.

Sharti hili si dogo. Katika mtihani wa mwaka 2024 walikaa watahiniwa zaidi ya 960,000, na waliopata C+ au zaidi walikuwa 246,391. Ni karibu robo tu.

Lakini C+ ni ya kuingilia uwanjani, si ya kushinda mchezo. Nafasi katika vyuo hugawanywa na KUCCPS, idara iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, nayo hutazama masomo manne yanayohusiana na kozi iliyoombwa. Kwa elimu-jamii, somo la kwanza ni lugha, Kiingereza au Kiswahili. La pili ni hisabati au somo moja la sayansi. La tatu ni somo la kundi linalojumuisha historia, jiografia na elimu ya dini. La nne lina uhuru mkubwa zaidi. Laweza kuwa sayansi nyengine, au somo la pili kutoka lile kundi la historia na jiografia.

Hapa msomaji asimame kidogo. Kiswahili kinahesabiwa. Na Elimu ya Dini ya Kiislamu, IRE, inahesabiwa sawa na historia au jiografia. Mtoto wa pwani aliyelelewa kwa Kiswahili safi na kupitia madrasa ameshikwa mkono katika masomo mawili kati ya manne. Ajabu ni kwamba katika skuli zetu nyingi Kiswahili hudharauliwa kwa kudhaniwa kwamba kila mtoto anakijua, na matokeo yake wenzetu wa bara waliojifunza sarufi kwa bidii huwapita watoto wenye lugha yao. IRE nayo hufanywa kama somo la kujazia ratiba.

Jengine la kusikitisha ni thanawi. Kijana anaweza kuwa amesoma miaka mingi katika madrasa nzuri, anajua nahau na usuli kuliko wengi, lakini katika ugawaji wa nafasi za serikali cheti hicho peke yake hakisimami mahali pa KCSE. Mzazi asidanganywe.

Kozi ya uchumi ina mlango wake wa ndani. Aghalabu hudaiwa C+ katika hisabati yenyewe, wala si wastani. Mwanafunzi aliyeitupa hisabati katika kidato cha tatu akisema "mimi ni wa masomo ya maneno" amejifungia mlango huo kwa mkono wake mwenyewe, na baadaye atagundua kwamba hata sosholojia na saikolojia humtaka ajue takwimu. Kwa aliyepungukiwa na C+ iko njia ya stashahada, ambayo huanzia C-, na aliyemaliza stashahada kwa matokeo mazuri aweza kuomba shahada. Njia hiyo ni ndefu, lakini wengi wameipita na wakafika.

NDANI YA DARASA

Mwaka wa kwanza humshangaza kijana kwa kuwa hakuti kile alichokifuata. Hupewa masomo ya jumla yanayofanywa na kila mwanafunzi, kama vile namna ya kuandika na kuwasiliana, na elimu ya UKIMWI. Kisha hupewa utangulizi wa somo lake na wa masomo jirani. Shahada hugawanywa katika vipande viitwavyo yuniti, na kila yuniti ina mtihani wake. Katika vyuo vingi vya serikali kazi za darasani huwa na alama 30 na mtihani wa mwisho alama 70. Anayepata wastani wa 70 au zaidi hupata daraja ya kwanza. Chini ya 40 ameanguka.

Kiini cha shahada hii kimo katika yuniti za mbinu za utafiti na takwimu, na katika ripoti ya utafiti ambayo vyuo vingi humdai mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Ndizo zinazoogopwa kuliko zote. Na ndizo zinazomtenganisha mtu huyu na mzungumzaji wa barazani, kwa heshima zote za baraza.

Chukua mfano wa swali moja jepesi. Mtafiti anapita Majengo au Mwembe Tayari na karatasi yake, naye ataka kujua ni watu wangapi wanaomiliki nyumba zao. Anauliza, "Je, nyumba hii ni yako?" Mwenye nyumba anajibu, "Ndiyo, yangu." Mtafiti anaweka alama. Akirudi Nairobi ataandika kwamba wakazi wengi wa mtaa huu ni wenye mali, basi hawana shida ya makao.

Msomaji wa Mombasa ameshacheka. Maana katika mji wetu nyumba ni kitu kimoja na ardhi ni kitu chengine. Mtu hujenga nyumba ya Kiswahili, yake kwa haki, aweza kuirithisha na kuiuza, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwengine anayelipwa kodi ya kiwanja. Au ni ya wakfu. Siku mwenye ardhi akitaka kuiuza, "mwenye nyumba" huyo hujikuta hana pa kusimama. Mambo haya yana historia ndefu inayorudi hadi sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka watu wa mwambao kudai ardhi zao kwa maandishi, na waliokosa kudai wakazikosa. Mtafiti asiyejua hayo atakuwa amekusanya majibu ya kweli na kuyatolea maana ya uongo.

Mifano ni mingi. Ukiuliza "Una ndugu wangapi?" mmoja atahesabu wa baba na mama, mwengine atatia na watoto wa ami na wa khalati. Ukiuliza "Kabila lako nani?" mtu wa Mombasa aweza kusema Mswahili, aweza kutaja taifa lake katika yale Thenashara, akaanza kukueleza ya Miji Tisa na Miji Mitatu, na kalamu yako ina kisanduku kimoja tu. Na ukifanya utafiti wa ndoa kwa kuwauliza wanaume waliokaa barazani baada ya sala ya alasiri, umepata nusu ya habari. Nusu ya pili iko ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, na anayeweza kuifikia ni mwanamke.

Kwa sababu hiyo mwanafunzi hufundishwa namna ya kuchagua watu wa kuhojiwa, namna ya kutunga swali lisilomwelekeza mtu, namna ya kuyahesabu majibu na kujua lini tofauti ya hesabu ina maana na lini ni bahati tu. Tena hufundishwa adabu ya kazi: kumwambia mtu kwamba anahojiwa na kwa nini, kumwacha akatae akitaka, kuficha jina lake. Baadhi ya watu wetu huuliza kama utafiti wa maisha ya majirani si aina ya kusengenya. Ni swali zuri. Anayesengenya humtaja mtu na kumwaibisha. Mtafiti mwaminifu anadaiwa kufanya kinyume chake, na akivunja ahadi hiyo amekosa katika elimu yake kabla ya kukosa kwengine.

WALIOTUANDIKA

Fungua orodha ya vitabu juu ya Waswahili. Utamkuta Abdul Hamid el-Zein, Mmisri aliyeandika juu ya dini na jamii ya Lamu, kitabu chake kikatoka mwaka 1974. Utamkuta Margaret Strobel, Mmarekani, aliyeandika juu ya wanawake wa Kiislamu wa Mombasa, 1979. Frederick Cooper aliandika juu ya watumwa waliogeuka maskwota wa pwani, 1980. Marc Swartz aliandika juu ya Waswahili wa Mombasa, 1991, na John Middleton juu ya ulimwengu wa Waswahili, 1992. Susan Hirsch aliketi katika mahakama za kadhi akasikiliza kesi za ndoa, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1998.

Wenyewe hawakukosekana. Profesa Ahmed Idha Salim wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa mwaka 1973 historia ya watu wa pwani ya Kenya tangu 1895 hadi 1965. Sarah Mirza alishirikiana na Strobel kuandika maisha ya wanawake watatu wa Kiswahili, 1989. Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff walitoa mwaka 1994 kitabu chao juu ya nani ni Mswahili, na kitabu hicho kiliwajibu wengi. Lakini ukiweka safu hizi mbili kando kwa kando, utaona ipi ndefu.

Sisemi wageni walikosea kuja. Baadhi yao walikaa miaka, wakajifunza lugha mpaka wakaelewa mafumbo, na waliandika mambo ambayo sisi tulikuwa tukiyapita kila siku bila ya kuyaona. Walilipa gharama yote ambayo elimu yao iliwadai. Kinachoniuma ni kwamba wazee waliowahadithia, wale waliowekwa shukurani katika ukurasa wa mwanzo wa vitabu hivyo, wengi wao wamekufa, na wajukuu wao waliokuwa wakipita na sinia la kahawa hawakuuliza chochote kwa kuwa hakuna aliyewafundisha kuuliza.

Wala tusijidanganye kwamba kuzaliwa Kuze au Mkomani kunatosha. Mwenyeji ana taabu zake. Jirani hatakwambia siri ya nyumba yake, kwa kuwa ataonana nawe kesho msikitini. Mgeni atapanda ndege aondoke nazo. Mambo mengine mwenyeji hayaulizi kwa kuwa anayaona ni ya kawaida, na hapo ndipo mbinu za chuoni zinapomsaidia kuuona mtaa wake kana kwamba ndiyo kwanza afike.

KARIBU NA NYUMBANI

Zamani wazazi wengi, hasa wenye mabinti, waliogopa masafa. Pwani nzima haikuwa na chuo kikuu chake cha serikali. Palikuwa na matawi ya vyuo vya Nairobi tu. Mwaka 2007 taasisi ya kilimo ya Kilifi ilifanywa chuo kishiriki, na mwaka 2013 ikapewa hati na kuwa Chuo Kikuu cha Pwani, chenye kitivo cha sanaa na elimu-jamii. Mwaka huo huo wa 2013, ile MIOME ya Mazrui, iliyokuwa imegeuka Mombasa Technical Institute mwaka 1966 na Mombasa Polytechnic mwaka 1972, ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale pale Tudor. Binti wa Malindi leo aweza kusoma sosholojia na kurudi nyumbani kwao mwisho wa juma.

Ya gharama hayajatatuliwa. Mikopo ya HELB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, imekuwa ikitozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na neno hilo riba limewazuia Waislamu wengi kuigusa. Fatwa ni kazi ya masheikh. Lakini misikiti yetu na matajiri wetu, wanaochanga kwa ukarimu kujenga minara, wangeweza kuulizwa ni wanafunzi wangapi wanaowalipia.

Na kazi? Zipo, ila hazimngojei mtu na jina lake mlangoni kama zamani. Tangu mwaka 2013 tuna serikali za kaunti, sita hapa pwani, na kila moja hupaswa kupanga mipango ya miji, uvuvi, afya na makao kwa kujua hali ya watu wake. Yako mashirika ya misaada, ofisi za takwimu, idara za watoto na magereza. Mwenye shahada hii asiyejua takwimu wala kuandika ripoti atazunguka sana na bahasha yake. Hapo mzee wetu wa tasbihi atakuwa na haki kidogo.

WAKATI WA KUCHAGUA UMESOGEA

Jambo la mwisho ndilo la haraka. Mfumo wa 8-4-4 unamalizika. KCSE ya mwisho imepangwa kufanywa mwaka 2027. Gredi ya 10 ya kwanza ya mfumo mpya imeanza Januari 2026, na watoto hao hawaji kuchagua masomo polepole kama zamani. Wanaingia sekondari ya juu wakiwa tayari wamechagua njia moja katika tatu: sayansi na ufundi, elimu-jamii, au sanaa na michezo. Watafika mlangoni mwa chuo kikuu mwaka 2029.

Neno elimu-jamii, lililokuwa likisikika chuoni tu, sasa limo katika fomu inayojazwa na mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, aghalabu mezani kwao, na mzazi akiwa pembeni. Hisabati ni lazima kwa wote, lakini iko ya aina mbili, moja nzito kwa walio katika sayansi na moja nyepesi kwa wengine. Kwa hiyo mzazi wa mtoto anayeelekea elimu-jamii na mwenye hamu ya uchumi aende skuli aulize, kabla fomu haijarudishwa: mtoto wangu akitaka anaweza kuruhusiwa kufanya ile nzito? Skuli hii ina mwalimu wa jiografia na wa historia, au majina yamo katika orodha tu? IRE inafundishwa na nani, na mara ngapi kwa wiki? Majibu ayaandike, kwa sababu mwalimu mkuu hubadilishwa, na fomu ikishapelekwa ni vigumu kuirudisha.